Kipande cha Babu

Babu hakuujua mwaka aliozaliwa. Alijua tu kwamba ilikuwa enzi za Wabelgiji kule Buha, kabla Waingereza hawajakabidhiwa Kigoma mwaka 1921, na kwa hesabu hiyo sisi wajukuu tulimwandikia 1918 kwenye kila fomu iliyong'ang'ania jibu. Mwaka alioutambua mwenyewe ni 1946, alipopanda treni pamoja na vijana wenzake wa Kasulu walioandikishwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikitafuta vibarua bara. Reli ya Kati na ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Ile njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilikuja kufunguliwa 1963. Kwa hiyo Morogoro waliteremshwa, wakapakiwa kwenye malori mpaka Korogwe. Mama yake alikuwa ameahidiwa kwamba mkataba ukiisha, mtoto atarudi.

Mkonge una adabu zake. Jani lina mwiba nchani, na huo ndio wa kuondoa kwanza, la sivyo utakutoboa jicho. Majani thelathini hufungwa fungu moja, mafungu yakapangwa kando ya njia ya troli. Maji yake yanawasha ngozi. Na jani likishakatwa halingoji: lisipopita mapema kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, nyuzi zinaharibika, kwa hiyo mashine ndiyo iliyomwamsha mkataji kabla ya alfajiri. Katika mzigo wote huo, katani inayopatikana ni kama asilimia nne tu ya uzito. Kilichobaki ni maji na makapi. Babu alipenda kulisema hilo kila aliposikia redioni mkonge ukiitwa dhahabu ya kijani.

Kilichomtawala zaidi ni kipande, ile kadi ya vyumba thelathini. Ukimaliza ngwe ya siku, chumba kimoja kinajazwa. Usipoimaliza, umetoka jasho la bure. Mshahara ulisubiri vyumba vyote vijae. Babu alizitunza kadi zake kwenye bati la biskuti, hata zilizokwishalipwa zamani, na alikuwa akizitoa jioni kutuonyesha siku alizougua malaria, siku mvua ilipovunja daraja la troli. Hakuwa na picha hata moja ya ujana wake. Nadhani kadi zile zilimtosha.

Mara kadhaa alitakiwa awe nyapara akakataa. Bibi hakumsamehe kwa hilo, maana nyapara alipewa nyumba ya vyumba viwili na hakushika panga. Babu alijibu kwa kifupi: "Nyapara hana wa kula naye." Mimi, niliyekuja kukaa ofisini, nimeona wanyapara wenye marafiki tele, lakini wa wakati wake hawakuwa hivyo.

Nilianza kazi shambani humo 1978, karani wa mahudhurio. Kipande cha mkoloni kilikuwa kimekwisha, mashamba mengi yalishataifishwa tangu 1967, na Babu alikuwa mlinzi wa bohari la marobota. Asubuhi ya kwanza alisimama dirishani pangu, kofia mkononi kama kibarua yeyote.

"Mke wangu," alinitania kama kawaida yake, "leo umekuwa mkubwa. Mtu akimaliza, mwandikie kamaliza. Asipomaliza, muulize kwanza kwa nini."

Hilo swali halikuwamo kwenye kanuni za ofisi. Nililiuliza hata hivyo kwa miaka yangu yote ya ukarani, na lilinikosanisha na mameneja zaidi ya mmoja.

Watoto wangu huniuliza kwa nini hakurudi Kasulu. Alirudi. Ilikuwa katikati ya miaka ya 70, baada ya operesheni za vijiji. Alishuka na zawadi za kanga na blanketi, akakuta pale palipokuwa kwao ni vichaka na migomba iliyojiotea. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, na vijana hawakumjua. Mmoja alimuuliza kama ni mtu wa serikali. Kaburi la mama yake alioneshwa na mzee aliyelikisia tu kwa kufuata mti. Alirejea Korogwe na furushi la migebuka mikavu, akaigawa nyumba kwa nyumba kambini mpaka ikaisha, na hakuzungumzia safari tena. Ila kuanzia hapo alianza kupanda miti ya matunda nyuma ya nyumba ya kambi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini.

Anguko la mkonge tuliliona sote. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Mwanzoni mwa miaka ya 90 hata 40,000 ilikuwa taabu. Wataalamu walilaumu kamba za plastiki. Babu alilaumu palizi. Nilikuwa na vitabu vya ofisi mbele yangu, na naweza kusema hakukosea sana: mashamba yaliachwa yakamezwa na pori kabla wanunuzi hawajatukimbia. Nikapunguzwa kazini, nikarudishwa shamba lilipopata mwenyewe mpya.

Alifariki 2006, usingizini, baada ya kula embe la mti wake. Ndugu wa Kasulu walipiga simu wakitaka mwili. Baba akawauliza wataupeleka kijiji kipi, wakanyamaza, kisha wakasema watakuja kwenye arobaini.

Makaburi ya kambi yamo ndani ya ardhi ya shamba, hivyo ruhusa huombwa kwa maandishi. Barua niliiandika mimi. Palipotakiwa kueleza uhusiano wa marehemu na shamba, niliandika: alikuja kwa mkataba wa muda. Meneja, kijana wa Moshi, aliisoma mara mbili, akanitazama, akagonga muhuri. Akauliza kama tuna sepetu za kutosha au atoe za shamba. Tukachukua za shamba.