Nani Ataitikia Pakawa?

Mume wangu,

Jicho la kushoto limeshafunga na mguu haunifikishi tena sokoni, kwa hiyo namwandikisha binti wa jirani haya mapema.

Idi iliyopita mlipomleta kitukuu wangu, miaka miwili na ushei, nilimpakata nikamwambia, "Paukwa!" Akanitazama tu. Akateremka, akanivuta kanga hadi kwenye mtungi. Neno "maji" hakuwa nalo. Lakini rangi alizitaja zote, kwa Kiingereza cha katuni, na mke mwenzangu akapiga makofi. Mimi nikanyamaza. Nakiri, kesho yake nami nilimpa simu nimalize kuchambua mchele. Ule utulivu ni mtamu, naujua.

Ila ngano haianzi mpaka mtu aitikie "Pakawa". Katuni haingoji: aitikie asiitikie, yenyewe inakwenda. Huyu binti anasomea uuguzi, amenisomea habari za Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani. Mwaka 2003 walieleza kuwa watoto wa miezi 9 waliocheza na wasema Kichina, vikao 12, walizitambua sauti za lugha ile. Waliooneshwa watu walewale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo lilishasema mwaka 2019: asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miwili hadi minne isizidi saa 1 kwa siku. Simu yetu ya kuonana sura siihesabu. Pale mimi namngoja anijibu.

Kabla hamjailaumu simu, mpelekeni apimwe masikio. Kisha kaeni naye jikoni. Mkikuna nazi, ashike kifumbu. Mwambieni hiki kijiko, hivi vijiko, hili tui, hizi chicha. Akisema "maji hii", msimcheke. Mjibuni, "Haya, maji haya," anywe. Na simu yako wewe iache kabatini, maana akikuonesha kunguru dirishani mara tatu bila wewe kuinua uso, ya nne hakuoneshi.

Mbuzi yangu ya kukunia nazi ni yako. Shangazi zako nimeshawaambia wasiigombanie. Hadithi ya Idi ile bado haijaanza. Mleteni Desemba, na kama sitakuwepo, "Paukwa" utasema wewe, umngoje.

Bibi yako