Kashata za Idi katika Nyumba Moja ya Makanya

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi, akiisha kuipita Hedaru, huikuta Makanya chini ya milima ya Upare, kabla ya kufika Same. Wengi huipita tu. Huona mashamba ya mkonge, malori yabebayo jasi ichimbwayo huko, na ile reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893; kisha husinzia mpaka Same. Sisi tulishuka.

Ilikuwa mwezi 29 Ramadhani, baada ya adhuhuri, na jua lilikuwa kali. Mvua nyingi huishia huko juu, upande wa Shengena, mlima uzidio mita 2,400; bondeni mtu hungojea maji yateremkayo kutoka milimani, nayo hayaji kila siku. Tulikuwa tumealikwa na jamaa wa nyumba moja ya Kiislamu tushuhudie kashata za Idi zikipikwa, na mwaliko huo ulikuwa na sababu yake.

Idi ya mwaka uliotangulia, nyumba ile haikuwa na kashata. Bibi alikuwa mgonjwa. Mjukuu wake wa kike akajaribu peke yake. Sukari ikaungua, sufuria ikawa nyeusi, naye akalia. Hapo wote wakatambua kwamba ujuzi wa nyumba nzima ulikuwa umewekwa katika macho ya mtu mmoja, na macho hayo yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho.

Tulipoamkia, Bibi aliitika marahaba, akatupa viti kivulini, akatueleza asili ya mapishi yake. Mama yake aliolewa Makanya kutoka Tanga, alikozoea kashata za nazi. Makanya ni kukavu, na minazi haistawi. Basi akatwaa karanga zipatikanazo gulioni, akazitia katika sukari ile ile na iliki ile ile. "Mama alisema," Bibi akatuambia, "asiye na nazi asiiache Idi ipite kavu."

Kabla ya kuwasha moto, aliuliza: "Fitri imekwisha pimwa?" Mjukuu akamwonyesha mahindi yaliyokwisha tengwa, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mtoto. Bibi akauliza tena kama sukari imelipiwa. Imelipiwa. Akasema katika nyumba yake haki ya maskini hutangulia utamu, wala kashata haipikwi kwa mkopo. Ndipo akaruhusu moto.

Kipimo chao ni kikombe cha bati alichoachiwa na mama yake: vitatu vya karanga, viwili vya sukari. Karanga zilikaangwa kwa moto mdogo, zikafikichwa, zikapepetwa katika ungo mpaka maganda yote yakaruka. Iliki ikatwangwa. Sinia likapakwa samli. Kisha sukari ikatiwa sufuriani pamoja na maji kidogo na matone machache ya ndimu. Ndimu ina kazi yake: huizuia sukari isirudi kuwa chengachenga ikiisha kuyeyuka. Watoto waliambiwa wakae mbali, kwa maana maji huchemka kwa digrii 100, lakini sukari ya kashata hufika kiasi cha digrii 150, na tone lake hushikamana na ngozi.

"Dakika ngapi, Bibi?" akauliza mjukuu, daftari magotini.

"Moto hauna saa, mjukuu wangu. Dondosha katika maji baridi."

Tukumbuke kwamba wote walikuwa wamefunga. Hapana aliyeweza kuonja. Na macho ya Bibi hayakuweza tena kuipambanua rangi. Basi akamfundisha kwa njia iliyombakia. Tone la kwanza lilipotolewa majini lilikuwa laini kama nta. La pili lilivutika. La tatu Bibi alilitwaa mwenyewe, akaligonga ukingoni mwa kikombe cha bati, nalo likalia kama kigae na kuvunjika. "Hapo! Sasa tazama rangi yake, uniambie." Mjukuu akasema ni rangi ya asali. "Iandike hiyo. Ikipita hapo, huwa chungu."

Karanga na iliki zikatiwa upesi, zikakorogwa, zikamwagwa siniani na kukatwa kwa kisu zingali moto, maana zikipoa hazikatiki, huvunjika ovyo. Zikatoka ng'avu, na harufu ya iliki ikajaa ua mzima. Bibi hakusema neno. Alimshika mjukuu mkono tu.

Usiku ule mwezi ukaandama, takbiri zikasikika. Asubuhi zakaa ilikuwa imekwisha fika kwa wenyewe, na sahani ya kwanza ya kashata ikapelekwa kwa jirani Mkristo. Katika Upare si ajabu ukoo mmoja kuwa na Waislamu na Wakristo, na sahani hiyo, tuliambiwa, hairudi tupu siku ya Krismasi.

Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akitoka kwenda kusali Idi ya Fitri mpaka ale tende kadhaa, kwa hesabu ya witiri. Kwa hiyo kuipokea Idi kwa kitu kitamu si upuuzi. Peremende za dukani ni halali, nazo hununuliwa kwa dakika moja. Lakini hazimwiti mjukuu akae karibu na bibi yake alasiri nzima.

Enyi vijana, kila nyumba ina kikombe chake cha bati. Chukueni daftari, nendeni kwa bibi zenu kabla ya Idi ijayo, mkaulize, mkapike, hata mkiunguza sufuria ya kwanza. Mjukuu wa Makanya aliunguza ya kwanza, na leo mapishi ya nyumba yao yamo katika mikono miwili zaidi. Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.