Goma: Vise nne zakawisha safari ya kurudi Mushaki

Kata ya Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, Jumamosi saa tisa mchana. Ndani ya parseli moja, gari aina ya Honda CR-V limeinuliwa kwa kriki iliyowekwa juu ya ubao mnene, kwa sababu mawe ya volkano hayashiki kriki sawasawa. Chini ya gari mwenyewe amelaza pine alizotoa, ili kriki ikiteleza gari lisimwangukie mtu. Watoto wa jirani wamefukuzwa mara tatu, na mara tatu wamerudi.

Mwenye gari ni mwalimu aliyekimbia vita huko Masisi. Kwa sasa gari ndilo linalolisha nyumba yake. Alikuwa amepatana na mama mmoja, mhami wa vita kama yeye, kwamba Jumatatu asubuhi atamfikisha Mushaki na watoto wake wanne, magodoro mawili na mfuko wa mbegu za maharagi. Tangu kambi za pembezoni mwa Goma zilipoondolewa Februari 2025, mama huyo amekuwa akilala kwa watu, leo hapa, kesho pale. Nusu ya nauli alikuwa amekwisha kuilipa.

Lakini freni za mbele zilikuwa zinalia. Plaketi zimekwisha, chuma kinakula chuma, na diski zimechimbika kiasi cha kuingiza ukucha. Kutoka Goma hadi Sake, karibu kilomita 25, mtu angeweza kujidanganya. Baada ya Sake barabara inapanda mlima kwa kona kali, na gari lililopanda lazima lishuke. Mwalimu akanunua diski mbili na plaketi kule Birere. Fundi wa garaji alitaka pesa ya kazi ambayo hakuwa nayo tena, basi akaamua kuifanya nyumbani.

Pine ilitoka. Etrie ilitoka pia, akaifunga kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wa mafuta ya freni. Hapo ndipo alipokutana na vise mbili ndogo zinazoshika diski. Gurudumu la pili lina mbili nyingine. Alichukua turnevisi ya nyumbani, ile yenye msalaba uliolika, akakaza mkono na kuzungusha. Turnevisi ikaruka. Akarudia. Kichwa cha vise kikaanza kuwa duara kama sufuria.

“Mwalimu, unaiua hiyo vise,” alisema mzee mmoja aliyekuwa akipita, fundi wa zamani wa malori.

“Mzee, imekataa kabisa.”

“Haijakataa. Umeiomba vibaya.”

Mzee aliketi juu ya bidoni akaeleza. Vise hizo hazibebi kazi kubwa. Zinashika diski isicheze wakati pine haipo. Gari likiwa barabarani, ni ekru za pine zinazobana diski. Ndiyo maana mtu haogopi kuivunja ikibidi. Tena msalaba wa vise za magari ya Japani si sawa kabisa na wa turnevisi nyingi zinazouzwa sokoni, hivyo ncha inaruka upesi. Inatakiwa ncha pana, namba 3, inayojaa tundu lote.

Walichokonoa kutu kwa msumari, wakapiga mswaki, wakatia mafuta ya kulegeza kutu katika vise zote nne. Kisha mzee akasimama akaenda zake. Mwalimu alitaka kuendelea usiku uleule, lakini mzee alikuwa amemkataza. Kungoja nako ni kazi, ingawa mwenye safari hapendi kusikia hivyo.

Jumapili baada ya misa mzee alirudi na turnevisi ya kupigwa nyundo. Ni chuma kizito: ukikigonga kwa nyuma, ncha inasukumwa ndani ya vise na papo hapo inazunguka kidogo. Kugonga kunafanya kazi mbili, kunavunja kutu na kunazuia ncha isiruke. Vise ya kwanza ililegea kwa pigo la tatu. Ile iliyoharibiwa jana haikushika ncha tena. Mzee akaweka patasi ya chuma ukingoni mwa kichwa, akaigonga polepole kuelekea upande wa kufungua, hadi ikasogea.

Gurudumu la pili lilitoa vise moja bila shida. Ya nne iligoma kwa kila kitu. Ikabidi wangoje umeme, nao ulirudi saa moja usiku. Walitoboa katikati ya kichwa kwa ncha ndogo, kisha kwa ncha ya milimita 8, mpaka kichwa kikakatika na kubaki kama pete. Diski ikatoka, na kipande kilichobaki wakakizungusha kwa koleo la kubana.

Mama wa Mushaki alikuwa amefika kuuliza kama safari ipo. Alisimama mlangoni akitazama tochi na mikono myeusi.

“Papa, gari limekufa?”

“Hapana, Mama. Tunalirudishia miguu.”

Diski mpya zilioshwa kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya dukani, kwa sababu diski yenye mafuta haishiki. Vise tatu nzuri zilirudi na grisi kidogo tu, zikakazwa bila nguvu. Nafasi ya nne ilibaki wazi. Kabla ya kuwasha gari mwalimu alikanyaga pedali mara nyingi hadi ikawa ngumu, kisha akazunguka mtaa mara tano, akifunga freni kidogo kidogo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi magodoro yalikuwa juu ya paa. Pale Sake mwalimu alisimama, akashuka, akaangalia kila pine ya mbele. Mama hakuuliza kitu. Alishika mfuko wa mbegu magotini, na gari likaanza kupanda.