Kijana wa Sakania, ndege ya Ndola na bareti ambayo haikununuliwa

SAKANIA – Si mbali na reli ya Sakania kuna kijana fundi wa simu ambaye jioni, umeme ukiwapo, anaruka na ndege toka Luano mpaka Ndola bila kutoka nyumbani kwao. Ndege yake iko ndani ya kompyuta. Programu ni Flight Simulator X ya Microsoft, iliyotoka mwezi wa 10 mwaka wa 2006, na ndani yake mna viwanja vya ndege zaidi ya 24,000 vya dunia nzima. Luano ya Lubumbashi imo. Ndola nayo imo, ule uwanja wa zamani, kwani uwanja mpya wa Ndola ulifunguliwa mwaka wa 2021, na programu ya 2006 haiwezi kuujua.

Na yeye anautaka ule wa zamani. Nkambo wake alikuwa binti mdogo mwaka wa 1961, na mpaka leo anasimulia namna wakubwa walivyokuwa wakinong'ona juu ya ndege iliyoanguka ngambo ya mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka ule, ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina ilitoka Léopoldville ikimleta Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuonana na Moïse Tshombe juu ya vita vya Katanga. Iliongea na mnara wa Ndola, ikasema imeona taa za uwanja, kisha ikaanguka porini upande wa magharibi. Watu walikuwa 16. Mmoja tu alitolewa akiwa hai, naye akafa siku chache baadaye hospitalini. Sababu inatafutwa hata sasa. Tangu 2015 kazi hiyo ya Umoja wa Mataifa iliongozwa na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Kutoka Sakania mpaka Ndola ni karibu kilometa 25 tu kwa mstari wa ndege. Kijana alitaka kuona kwa macho yake namna rubani anavyoikaribia Ndola usiku, pori likiwa jeusi huku na huku.

Lakini kompyuta ilikataa.

Ni mashine ya okazioni, ya kubeba mkononi, prosesa yake ina viini viwili, memori giga 4, na Windows 7 ya Kifaransa. Kwenye simuleta ukibonyeza Shift na Z mara mbili, juu ya kioo inatokea hesabu ya picha zinazochorwa kila sekunde. Yake ilisema 7, mara 6, na karibu na uwanja ikashuka hadi 4. Asiyecheza anaweza kufikiri hiyo ni shida ya uzuri wa picha tu. Sivyo. Ukivuta usukani, ndege inajibu lakini macho yako yanaona jibu kwa kuchelewa. Unadhani hujavuta vya kutosha, unavuta tena, na sasa pua imepanda kupita kiasi. Unasukuma, inazama. Hivyo ndivyo alivyoangusha ndege kwenye barabara ya Luano usiku baada ya usiku, wala si kwa sababu hakujua kuruka.

Muuzaji mmoja wa Kasumbalesa alikuwa na dawa tayari.

– Mdogo, tia bareti nyingine ya giga 4. Dola 25 tu. Itaruka kama Boeing ya kweli.

– Yaya, ni hakika?

– Memori ndiyo nguvu ya mashine. Kila mtu anajua.

Dola 25 kwa nyumba ile si pesa ya kuchezea. Mama yake anauza unga wa mahindi sokoni, na pesa ya mtaji haikai nyumbani siku mbili. Hata hivyo mama alikubali kumkopesha, kwa sharti kwamba arudishe kabla ya masomo ya wadogo zake kuanza. Kilichomzuia kijana ni tabia ya fundi wa simu: habadilishi kipande kabla ya kupima.

Kipimo cha kwanza hakikuchukua hata dakika. Alifungua ukurasa wa habari za mashine, akasoma mstari unaosema "Système d'exploitation 32 bits". Hapo ndipo dola 25 zilipookoka. Mfumo wa biti 32 unahesabu anwani za memori kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na hesabu hiyo inaishia kwenye anwani 4,294,967,296, yaani giga 4. Sehemu ya anwani hizo inachukuliwa na vifaa vingine vya mashine, kwa hiyo hata zile giga 4 zilizokuwamo hazikuonekana zote. Bareti mpya ingekaa mle ndani kama magunia yaliyowekwa kwenye depo isiyo na mlango. Tena kuna jambo la pili: kwenye Windows ya namna hiyo kila programu inapewa kwa kawaida giga 2 tu za kutumia, hata kama mashine ina zaidi.

Pengine muuzaji hakuwa mwongo. Wengi wanauza walichoambiwa na aliyewauzia. Lakini swali moja tu, mashine yako ni ya biti ngapi, lingetosha, na hakuliuliza.

Kipimo cha pili kilichukua jioni nzima. Aliwasha simuleta katika dirisha dogo, pembeni akafungua Gestionnaire des tâches kwenye kurasa ya Performances, akaruka juu ya Luano huku akitazama michoro miwili ya prosesa. Mmoja ulikuwa umepanda hadi juu na kubaki pale. Mwingine ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayesubiri kazi. Memori ilikuwa imejaa kiasi, lakini si kupita kiasi. Basi ugonjwa ulijulikana. Simuleta hii ilitungwa wakati prosesa nyingi zilikuwa na kiini kimoja. Nyongeza ya mwezi wa 5 mwaka wa 2007 iliifundisha kugawa sehemu ya kazi, hasa ya kupakia picha za ardhi, kwa viini vingine. Lakini kazi kubwa, ya kuhesabu mwendo wa ndege na kupanga vitu vya kuchora, bado inabebwa na kiini kimoja. Wachukuzi wawili wapo, gunia zito liko kichwani kwa mmoja.

Je, kiini hicho kilikuwa kinapewa nafasi ya kukimbia? Hakikuwa kinapewa. Windows ilikuwa imewekwa kwenye mpangilio wa kubana umeme, ambao unapunguza mwendo wa prosesa ili betri isiishe haraka. Alibadilisha kwenye Options d'alimentation, akachagua Performances élevées. Picha zikapanda hadi 10, kisha baada ya dakika 20 zikarudi 6. Aliweka mkono chini ya mashine: moto kama sahani iliyotoka jikoni. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na hakuna mpangilio wa programu utakaoishinda.

Aliyeishi Sakania wakati wa kiangazi anajua vumbi jekundu linavyoingia mpaka ndani ya sukari. Kijana alifungua mashine kwa bisibisi zake za simu. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na tabaka la vumbi nene kama kipande cha blanketi. Alilitoa kwa brashi ya rangi, akafuta pasta kavu ya kupoza iliyokuwa juu ya prosesa, akapaka mpya kidogo sana, kwani ikizidi nayo ni tatizo. Kisha akaiweka mashine juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Kazi hii, isiyo na sifa yoyote kwa vijana wanaopenda kusema juu ya giga na megahezi, ndiyo iliyoleta faida kubwa kuliko zote. Zile picha 10 zilibaki 10 saa nzima.

Baada ya hapo alipunguza mzigo. Alizima programu zinazojiwasha pamoja na Windows, na hakufungua intaneti wakati wa kuruka. Ndani ya simuleta alianza na magari ya barabarani na boti, akayaweka sifuri. Nani anaangalia magari akiwa mita 2,000 juu? Ndege za wengine akaziacha chache tu. Halafu ile miti na nyumba ambazo programu inazipanda yenyewe juu ya ardhi. Upande wa Katanga ni pori tupu la miombo, kwa hiyo programu inapanda miti maelfu, na kila mti unahesabiwa na kile kiini kimoja kilichochoka. Aliishusha hadi kiwango cha chini. Maji akayaweka rahisi, mawingu akayaleta karibu. Mwisho akaiamuru simuleta isichore zaidi ya picha 20 kwa sekunde, ili muda unaobaki utumike kupakia ardhi iliyo mbele. Mwendo ukatulia kwenye 18, 19, 20. Kwa wenye mashine kubwa hiyo ni aibu. Kwa kutua na ndege ndogo, inatosha kabisa.

Kuna mahali alipopotea siku mbili. Rafiki alimtumia kwa simu mistari ya kubandika kwenye faili la FSX.cfg, ile ambayo inazunguka kati ya wachezaji kama dawa ya kienyeji. Mmoja ulisema AffinityMask=14. Namba hiyo si ya uchawi. Viini vinahesabiwa kwa thamani 1, 2, 4 na 8, na 14 ni jumla ya 2, 4 na 8, maana yake: acha kiini cha kwanza kwa Windows, tumia vitatu vinavyofuata. Ni shauri la mwenye viini vinne. Yeye ana viwili. Mstari ulikuwa unasema juu ya wafanyakazi ambao hawapo. Aliufuta. Aliacha mmoja tu, HIGHMEMFIX=1, ambao unasaidia picha na saa za ndani ya ndege zisipotee memori inapobanwa. Kabla ya kugusa chochote alikuwa ameweka nakala ya faili la kwanza, na ndiyo iliyomwezesha kurudi nyuma bila kupakia programu upya.

Siku moja umeme ulikatika akiwa hewani. Mashine ikahamia kwenye betri, na papo hapo picha zikashuka hadi 8. Alikuwa amesahau kwamba Windows ina mipangilio miwili, mmoja wa umeme na mwingine wa betri. Aliurekebisha na ule wa betri, akijua kwamba sasa ana dakika kama 40 tu kabla ya kioo kuzimika. Toka Luano mpaka Ndola ni karibu kilometa 200, ukipita karibu na Mufulira, Sakania ikibaki mkono wa kushoto. Cessna ndogo inahitaji kama saa moja. Kwa hiyo safari nzima inamtaka asubiri siku ya umeme mzuri.

Siku hiyo ilipatikana usiku wa Jumapili. Nkambo aliletewa kiti. Ndege ilikuwa DC-3, kwani DC-6 haimo ndani ya programu hiyo. Taa za Ndola zilitokea mbali, mstari mwembamba, na kuzunguka kwake giza tupu: hakuna upeo wa macho, hakuna mti wala kilima.

– Sasa pori liko wapi? nkambo akauliza.

– Liko hapo chini, nkambo. Usiku halionekani.

– Basi na wao hawakuliona.

Simuleta haiwezi kusema ni nini kiliangusha Albertina, na kijana hasemi hivyo. Miti aliishusha yeye mwenyewe hadi kiwango cha chini ili mashine iweze kwenda. Alitua salama, magurudumu yakaruka mara moja yakatulia, na nkambo akataka kujua kama mashine hiyo inaweza pia kwenda Kinshasa.

Pesa za mama zilirudi siku ya pili, zote. Wiki iliyofuata binamu yake wa Lubumbashi alimpigia simu na swali lile lile la bareti. Huyo mashine yake ni ya biti 64, ina bareti moja ya giga 4 na nafasi ya pili iko tupu, na picha zake zinakopa memori kutoka hiyo hiyo bareti moja. Kijana alimwambia anunue ya pili, ya mwendo ule ule, lakini kwanza afungue mashine atoe vumbi.