Bosi mwema hujulikana siku ya kosa

Kila aliyewahi kuajiriwa ana bosi ambaye hatamsahau. Mimi ninao wawili, na wote walinifunza somo lile lile, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza nilimpata mjini Migori. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuo cha uanahabari, diploma mkononi, na kazi iliyopatikana ilikuwa katika duka la kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Siku moja niliandika kwamba marehemu atazikwa Ijumaa badala ya Jumamosi. Bosi aliisoma programu hiyo na kuiidhinisha kabla ya nakala 200 kuchapishwa. Lakini wenye msiba walipofika wakiwa na hasira, alininyoshea kidole: "Ni huyu! Watoto wa chuo hawajui kazi." Gharama ya karatasi ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Tangu siku hiyo, sote pale dukani tulijua kuficha makosa. Ukiona kosa la mwenzako unanyamaza, lisije likageuka lako. Kazi mbovu zikazidi kutoka, naye bosi akazidi kufoka.

Baadaye nilihamia Homa Bay, kwenye kazi kama ile ile, chini ya mama mmoja wa makamo. Huko nako nilikosea: jina la baba ya marehemu. Jamaa walipokuja juu, mama yule aliinuka akasema, "Poleni sana. Mkubwa hapa ni mimi, na kosa ni langu." Usiku huo tulichapisha upya, naye akakesha nasi akikunja karatasi na kutununulia chai na mandazi.

Usidhani aliniacha hivi hivi. Asubuhi aliniita kando. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "majina hayasomwi na mtu mmoja. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Likirudi kosa hili, tutazungumza lugha nyingine." Halikurudi. Na sisi wafanyakazi tukawa wa kwanza kumpelekea makosa yetu, kabla mteja hajayaona.

Kutoka Homa Bay ukipita Mbita unafika kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Jumapili moja nilikwenda kulitazama kaburi lake. Wengi humkumbuka kama waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Lakini kabla ya siasa alikuwa mwajiriwa kama mimi na wewe, mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, kisha kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Aliwaendea huko huko, akawasihi warudi kazini huku madai yao yakishughulikiwa. Fikiria, msomaji, kumwambia mtu mwenye njaa na hasira arudi kazini! Kama wangekosa, lawama zote zingemwangukia yeye. Hatimaye walipata nyongeza ya karibu thuluthi moja ya mshahara.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama. Kiongozi mwema huwakinga watu wake mbele ya wageni, lakini wakiwa peke yao huwaambia ukweli hata ukiwa mchungu. Cheo ni dhamana, wala si fimbo.

Nalisema hili nikiwa na aibu. Siku hizi mimi nami nina vijana wawili chini yangu. Majuzi makala ilitoka na tarehe isiyo sahihi, na mhariri alipouliza, nilijisikia nikisema, "Ni kijana huyu." Nami ndiye niliyeipitisha! Sauti ilikuwa yangu, maneno yalikuwa ya bosi wa Migori.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilimwomba kijana yule radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimlaumu. Alitabasamu kidogo, akanyamaza. Juzi alinijia na karatasi mkononi: "Dada, nadhani hapa nimekosea."

Kesho ni Jumatatu, msomaji. Kama una hata mtu mmoja chini yako, jiulize: akikosea, atakukimbilia au atakukimbia?