Usimlaumu Mama kwa Kongosho la Mtoto

Wasee, kuna kitu kinanikera. Mtoto akisumbuliwa na tumbo miezi na miezi huku Kangemi, kesi huanza na mama: "Kwani unampikia nini?" Shangazi yangu ameulizwa hivyo mpaka akaacha kununua muhogo wa kuchoma akienda tao. Binamu yangu ana miaka 12, na picha zilionyesha vijiwe ndani ya kongosho, kile kiungo nyuma ya tumbo kinachotoa maji ya kusaga chakula na pia insulini.

Hii lawama ni ya kitambo. Mwaka 1960, daktari A. G. Shaper wa Kampala aliandika katika jarida la Lancet akihusisha ugonjwa sugu wa kongosho na ukosefu wa protini. Baadaye muhogo nao ukashtakiwa, juu ya sayanaidi iliyomo. Lakini mamilioni wanakula muhogo na hawaugui. Halafu kongosho likichoka, chakula hakisagiki vizuri, mtoto anakonda. Kwa hivyo kukonda kunaweza kuwa matokeo, si chanzo.

Ndipo jeni zikaingia. Kongosho hutengeneza tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini. Kikiamka kabla hakijafika kwa utumbo, kinaanza kulila kongosho lenyewe. Jeni ya SPINK1 ndiyo inatengeneza breki. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu wana hitilafu kwa jeni hiyo. Miaka michache baadaye ikapatikana kwa wagonjwa wengi wa India na Bangladesh, wenye ile aina ya nchi za joto.

Sasa msiruke kusema, "Ah, basi ni damu ya ukoo wao." Watu wengi wana hitilafu hiyo na hawaugui maisha yao yote. Matatu yenye breki hafifu inaweza kutoka Kangemi hadi tao kila siku bila ajali, mpaka ikutane na mteremko mbaya. Jeni si hukumu, na chakula peke yake si kosa.

Maumivu yakifika mgongoni, choo kikiwa na mafuta na mtoto akizidi kukonda, ulizeni daktari kuhusu kongosho, na sukari ipimwe. Kuna vidonge vya vimeng'enya vya kusaidia kusaga chakula. Na ukikutana na mama kama shangazi yangu, mwulize kliniki ni lini, umsindikize. Swali la sufuria halijawahi kumpunguzia mtoto maumivu.