Kabla Uombe Mchango Tena, Rudi Kwanza

Hesabu magrupu ya WhatsApp ambayo umeongezwa mwaka huu bila kuulizwa. Matanga. Karo ya mtu. Bili ya hospitali. Timu ya mtaa inataka jezi. Namba ya Paybill iko juu kabisa, chini yake kuna orodha ya waliotuma, na kuna mtu mmoja anaandika kila baada ya saa mbili: "Tusichoke wasee, tumefika nusu." Unatuma mia mbili, jina lako linaingia kwa orodha, unaambiwa ubarikiwe. Halafu kimya. Hujui kama mgonjwa alitoka, hujui kama jezi zilinunuliwa. Ukisikia tena kutoka kwa hao watu, ni grupu jipya na mchango mpya.

Mimi niko upande ule mwingine wa hiyo meseji. Tuko vijana wanne, wote wa kujitolea, na kazi yetu ni kutafuta pesa za chumba kimoja cha kusomea huku Eastlands. Ni chumba cha kawaida tu: mabati, meza ndefu tatu, rafu ya vitabu na taa inayowaka. Watoto wanakuja wakitoka shule na wanakaa hadi saa moja jioni, kwa sababu nyumbani watu sita wako kwa chumba kimoja na TV imewaka. Kodi ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na stima na intaneti ziko juu ya hiyo. Tukikosa kulipa, mwenye nyumba tayari ana mtu wa kuuza gesi anayeitaka hiyo nafasi. Ametuambia hivyo bila ubaya. Ni biashara.

Kwa hivyo nikiongea kuhusu teknolojia ya kuchangisha pesa, naongea nikiwa na tarehe tano ya mwezi kichwani. Na maoni yangu ni haya: makundi mengi madogo yanajua kuomba vizuri sana, lakini hayajui kurudi. Kila programu mpya inasaidia mtu kuomba haraka zaidi. Karibu hakuna inayomsukuma arudi kwa aliyetoa na kumwambia pesa yake ilifanya nini. Na pesa ya mara ya pili, ile ya kulipa kodi ya mwezi ambao hakuna kampeni, inatoka kwa mtu ambaye ulimrudia.

Kuomba kumekuwa rahisi

Wazazi wetu walifanya harambee za kukaa chini ya tenti. Kulikuwa na mgeni rasmi, kwaya, kitabu cha ahadi, na jina lako likitangazwa kwa spika pamoja na kiasi ulichotoa. Halafu mwaka wa 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa na harambee ikaingia mfukoni. Mwaka wa 2011, ukame ulipobana kaskazini mwa nchi, Msalaba Mwekundu wa Kenya, Safaricom, KCB na vyombo vya habari walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500. Wakenya wakalipita, wengi wakituma pesa kidogo kidogo kwa simu.

Sisi wenyewe tuliona yetu Juni 2024. Baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, watu wa rika letu walituma mamilioni ya shilingi kupitia M-Changa kusaidia waliojeruhiwa na familia za waliouawa. Hanifa Adan, aliyeongoza mchango huo, hakuishia kwa asante. Alitoa hesabu hadharani ya jinsi pesa ilitumika, na alifanya hivyo wakati kulikuwa na watu wanamshuku waziwazi. Wengi wanakumbuka jinsi pesa ilivyoingia mbio. Mimi nakumbuka zaidi ile hesabu.

Halafu mwaka wa 2025 ukaja. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai USAID ilikuwa imeacha kuendesha misaada hiyo. Hapa Kenya miradi ilifungwa na watu wakapoteza kazi. Sisi hatukuwa tunapata pesa moja kwa moja kutoka huko. Lakini shirika lililokuwa likitulipia kodi lilikuwa linapata. Barua yao ilikuwa na aya mbili, ya heshima kabisa, na ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa fikiria. Makundi yote madogo yaliyokuwa chini ya mashirika makubwa yametoka nje siku moja, na yote yanaangalia mifuko ileile: mama mboga, mtu wa boda, kasini aliye Doha, yule mlisoma naye na sasa ana kazi ya benki. Mifuko haijaongezeka. Meseji za kuomba ndizo zimeongezeka.

Programu kumi, kumbukumbu sifuri

Watu wengi wakibanwa hivyo wanakimbilia vifaa. Nilifanya atachimenti kwa shirika moja jijini, silitaji jina. Walikuwa na Slack ya kuongea, Trello ya kupanga kazi, Mailchimp ya barua pepe, Canva ya mabango, na mikutano mitatu ya Zoom kila wiki. Ukiingia ofisini ungedhani ni kampuni ya teknolojia. Lakini ukiuliza swali moja tu, "Nani alitupatia pesa mwaka jana na hajatupatia mwaka huu?", hakuna aliyejua.

Majibu yalikuwa kwa simu ya mtu mmoja, dada aliyeshughulikia wafadhili. Yeye ndiye alijua mzee gani anapenda kupigiwa badala ya kuandikiwa, kampuni gani inafunga bajeti mwezi gani, nani alifiwa na asisumbuliwe kwa sasa. Alipopata kazi kwingine, simu ilienda naye. Ilikuwa yake, alikuwa na haki. Lile shirika lilibaki na programu zote na halikuwa na mtu wa kupigia.

Pale ndipo nilielewa kwamba timu inaweza kuonekana iko bize kila siku na bado isijenge kitu chochote. Kuhamisha kadi kwa Trello kunahisi kama kazi. Kupigia mtu aliyetoa mia tano na kumwambia "tulinunua hivi" hakuhisi kama kazi, kunahisi kama kupiga story. Lakini ukiniuliza mimi, hiyo ya pili ndiyo kazi yenyewe.

Jedwali moja

Sisi tuna Google Sheets moja. Basi. Kolamu ni saba: jina, namba au barua pepe, alitoa lini, kiasi gani, alitoa kwa ajili ya nini, nani alimleta, na tulimrudia lini. Hiyo ya mwisho ndiyo tunaiangalia kwanza. Ikiwa tupu, inawekwa rangi nyekundu. Hatuombi mtu mwenye nyekundu. Hata kama kodi ni kesho.

Kuna vitu vidogo vya bure ambavyo watu hawatumii. Mfano, ukiwa na Paybill yenu wenyewe, mtumaji anaulizwa namba ya akaunti. Wengi wanaambia watu waweke jina lolote. Sisi tunawaambia waandike KODI au VITABU. Mwisho wa wiki ukifungua stetimenti, pesa imeshajipanga yenyewe na hakuna mtu anabishana ile elfu mbili ilikuwa ya nini. Till haina hiyo sehemu ya akaunti. Na ukitumia Paybill ya benki, namba ya akaunti yenu ndiyo inakaa hapo. Kwa hivyo fikirieni hilo mapema, kabla ya kuchapisha bango.

Kingine ni ruhusa. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na jina la mtu pamoja na namba yake ni data yake. Mtu kukutumia pesa si kibali cha kumrusha kwa grupu lenye watu mia tatu asiowajua. Tunamuuliza kwanza: tukikuambia habari za chumba, tukupigie, tukuandikie, au tukuache? Wachache wanasema tuwaache, na tunawaacha. Kwa wengine tunatumia ile orodha ya WhatsApp ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja, ambapo kila mtu anaupata peke yake na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Ina kamtego kamoja: ujumbe hauwafikii watu ambao hawajahifadhi namba yako. Kwa hivyo simu ya kwanza ya asante ina kazi mbili, ya pili ikiwa kusema, "Tafadhali hifadhi hii namba."

Na jedwali ni la kundi, liko kwa akaunti ya kundi. Mmoja wetu akipata kazi Mombasa kesho, anaenda na baraka zetu na hatubaki vipofu.

Mtandao ni watu

Kiswahili kina neno moja, mtandao, kwa intaneti na kwa watu wanaojuana. Vijana wengi wa mashirika wakisikia "jenga mtandao" wanafikiria hoteli, kadi za biashara, kupiga picha na mkurugenzi fulani. Nimeenda hizo hafla. Chai ni nzuri.

Lakini angalia hata wale wakubwa wa kuchangisha kwa intaneti wamewahi kuuliza nini. GlobalGiving, kabla ya kukubali shirika kwa kudumu, iliwahi kulitaka lichangishe angalau dola 5,000 kutoka kwa watu 40 tofauti. Ungekuja na tajiri mmoja mwenye dola 5,000, haingetosha. Walitaka kuona kama una watu.

Ndiyo maana tuna kolamu ya "nani alimleta". Siku moja tuliipanga upya kwa kufuata hiyo kolamu, na jina lililotokea mara nyingi zaidi halikuwa la mtu wa ofisi. Lilikuwa la mama anayeuza mboga karibu na steji. Yeye hutoa hamsini, wakati mwingine mia. Lakini alikuwa ameleta watu tisa: wateja wake, mtu wa kinyozi, mwalimu mmoja, na kaka yake aliye Saudia. Nikampigia kumshukuru. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto wangu, watu wakishachukua pesa huwa hawapigi simu."

Nilimuuliza kwa nini analeta watu. Akasema tulipomtumia picha ya kamusi zilizonunuliwa, alikuwa na kitu cha kuonyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Hatukumpa kampeni, tulimpa kitu cha kuonyesha mteja akisubiri sukuma wiki ikatwe.

Picha zetu, by the way, ni za vitabu, risiti, meza. Nyuso za watoto haziingii. Mtoto hapaswi kulipia kodi ya chumba kwa kuonekana maskini kwa simu za watu.

Muda wa kufanya haya yote

Najua swali linakuja. Kupiga simu kunakula muda, na mtu wa hamsini ni wa hamsini. Si afadhali kuandika pendekezo moja kwa mfadhili mkubwa?

Tunaandika pia, moja kwa mwezi, si zaidi. Pendekezo linataka bajeti, cheti cha usajili, ripoti, na linaweza kukaa miezi sita bila jibu. Pia, mfadhili mkubwa ni mmoja, na tumeshaona kile aya mbili zinaweza kufanya.

Mpango wetu ni Alhamisi jioni, saa mbili, simu zote zikiwa kwa kazi hiyo tu. Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu, na yeye ndiye anashika saa. Dakika ishirini za kwanza tunajaza jedwali kutoka kwa stetimenti. Saa moja tunapiga simu za asante, kila mtu zake. Zinazobaki tunaandika ripoti ya mwezi: pesa iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, picha moja. Inatoshea kwa skrini moja ya simu. Tukianza kuongea kuhusu logo mpya, Mwalimu anagonga meza na kalamu. "Wanangu, logo italipa kodi?"

Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Kuna miezi tunafikisha 15,000 tarehe ishirini na nane, kuna miezi Mwalimu anazungumza na mwenye nyumba kama mzee kwa mzee ndiyo tuongezewe wiki. Mtu wa gesi bado yuko. Lakini watu wanaotoa kila mwezi bila kuombwa wameongezeka, polepole, na karibu wote ni watu ambao mmoja wetu aliwahi kuwapigia bila kuomba chochote.

Kama wewe ni admin wa grupu lolote la mchango, hata lile la matanga lililonyamaza mwezi uliopita, fungua ile orodha ya majina leo. Chagua matano. Waambie pesa ilifanya nini na iliyobaki iko wapi. Usiweke Paybill chini ya hiyo meseji.